Siku Pasta Ntagwabira Alipohubiri kwa Mara ya Mwisho

Gordien hakusomea umeme. Alizaliwa Rumonge, Burundi, ng'ambo ya ziwa, na alipokuwa na miaka kumi na miwili aliifungua redio ya baba yake mdogo kwa ncha ya kisu, akaitandaza vipande vipande juu ya mkeka, kisha akairudisha ilivyokuwa kabla mwenyewe hajatoka shambani. Tangu siku hiyo watu walimletea vilivyokufa. Mwaka alipokimbia Burundi na kuvuka kuja Kongo, mkewe Joselyne alibeba mtoto wao Irambona na sufuria, naye alibeba kifuko cha bisibisi. Walipofika Baraka, kifuko hicho ndicho kilichowalisha. Aliweka meza pembeni ya soko, akatengeneza redio, tochi na simu zilizoanguka majini, na haukupita muda watu wakaanza kumwita Muganga ya Redio.

Alikuwa mtu wa maneno machache. Kanisani hakuwa akienda. Jumapili kwake ilikuwa siku ya kulala hadi jua likolee.

Aliyembadilisha ni Pasta Ntagwabira. Mzee huyo alikuwa mtu wa milimani, mfugaji, aliyeshuka kutoka Bibokoboko pamoja na familia nyingi baada ya vita kuwafikia na ng'ombe wao kuchukuliwa. Alikuja mezani kwa Gordien akiwa na redio iliyonyeshewa njia nzima. Lugha zao zilikaribiana, Kirundi cha mmoja na Kinyarwanda cha mwingine, wakaelewana bila kutafuta maneno. Redio ilipopona, pasta aliendelea kuja kila jioni hata bila kitu cha kutengeneza. Aliketi kwenye kopo la rangi lililopinduliwa, akasimulia habari za ng'ombe wake mmoja mmoja, kwa majina na kwa rangi. Miezi mitatu hakutaja kanisa hata mara moja. Alipolitaja, alisema tu, "Gordien, bafle zetu ziko zinalia kama mbuzi. Kuja uangalie."

Gordien akaenda kuziangalia zile spika kubwa mbili, akakaa miaka mitano. Alisema amekaa kwa ajili ya vyombo. Joselyne alikuwa akimsikiliza tu, hambishii.

Kanisa lilikuwa la matofali ya udongo na mabati, ukingoni mwa mji, na waliosali humo walikuwa wakimbizi wa Burundi, watu wa milimani, na majirani wa hapo hapo. Sauti ya pasta ililijaza lote. Ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe kutoka kilima cha pili, na siku fulani Gordien alipunguza mashine ya kukuza sauti hadi sifuri bila mtu yeyote kugundua.

Kisha sauti hiyo ikaanza kukwaruza. Kwanza walidhani ni mafua. Pasta akanywa tangawizi, akanywa majani, akaombewa. Mwaka haukwisha ikawa mnong'ono. Walimpeleka Bukavu, na madaktari wa huko wakasema bila kuzunguka: koo lina uvimbe mbaya, lazima likatwe, na likikatwa atapona lakini hatasema tena. Siku ya kulazwa ikapangwa. Ingembidi aondoke Baraka Jumanne. Kwa hiyo Jumapili iliyotangulia ndiyo angehubiri kwa mara ya mwisho, na kila mtu alijua kwamba hiyo ya mwisho ilikuwa ya mwisho kweli.

Kwa wakati huo mtu aliyeketi naye meza moja alilazimika kuinama ili amsikie. Mikro, kile kipaza sauti cha mkononi, peke yake ndiyo iliyoweza kumbeba. Gordien alifanya kazi ya wiki nzima kwenye jambo hilo. Aliifunga mikro kwa kitambaa chepesi ili pumzi isivume, akapunguza sauti nene, akaongeza ile nyembamba, akampeleka pasta kanisani jioni tatu mfululizo, wao wawili tu, akimwambia, "Sema tena, Pasta. Karibu zaidi. Iguse kwa mdomo." Jioni ya tatu sauti ikatoka. Haikuwa ile ya kuitia ng'ombe, ila ilikuwa yake, na mtu wa mlangoni angesikia kila neno. Pasta akasema ndani ya mikro, "Kumbe ningali nipo." Gordien alijifanya anakunja waya.

Igihozo, binti wa pasta aliyekuwa Nairobi, alimpigia Gordien simu Ijumaa. Hakuwa na njia ya kufika. "Kaka, nirekodie yote," alisema. "Tangu anaposimama mpaka anapoketi. Hata akikohoa, usikate." Gordien akamwahidi.

Jumamosi alasiri kwaya ilikuja kufanya mazoezi. Umeme wa mtaa ule ulitoka kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na mtambo wake na aliyewagawia majirani kwa waya, saa chache kila siku. Siku hiyo ulikatika mapema, wakatumia betri ya kanisa. Ilipofika jioni Gordien alitazama ile taa ndogo ya betri, akaona imegeuka rangi, ishara kwamba chaji inaisha.

"Inatosha," alimwambia Solange, kiongozi wa kwaya.

"Ndugu Gordien, wimbo moja tu. Hii ya kumuaga Pasta hatujaishika bado. Bamama banakosea pale mwisho."

Alifikiri. Mfanyabiashara aliahidi kuwasha tangu asubuhi, maana ilikuwa siku kubwa. Betri ilikuwa ya akiba tu. Akasema sawa, waimbe. Wakauimba mara sita.

Mvua ilianza kabla ya kupambazuka. Upepo ulitoka ziwani, ukavunja mgomba nyuma ya nyumba yao, na Gordien alipofungua macho jambo la kwanza alilowaza lilikuwa zile nguzo za miti zilizobeba waya wa kanisa. Alivaa akatoka bila chai. Alizikuta mbili zimelala matopeni, na waya wenyewe umekatika mahali ambapo hapakuonekana.

Alikimbia hadi kwa mfanyabiashara. Mlinzi alimsikiliza kupitia tundu la lango. "Patron iko Uvira," alisema juu ya tajiri wake. "Na fundi hawezi panda miti na hii mvua, atakufa. Mungojee iache."

"Itaacha saa ngapi?"

Mlinzi aliondoka tunduni, na Gordien mwenyewe akaona swali lake lilivyokuwa la kipuuzi.

Saa tatu kanisa lilikuwa limejaa. Watu walitoka hata Lulimba, walilala njiani. Wengine walishuka milimani kwa miguu tangu Ijumaa, wamevaa viatu vya mpira hadi magotini, na nguo zao za kanisa zimefungwa kwenye mifuko ya plastiki. Wamama walikamua vitenge mlangoni kisha wakaingia. Gordien alimwendea Solange na kumwambia leo hakuna kinanda, waimbe na ngoma, betri inangoja mahubiri. Solange aliangalia betri, akamwangalia yeye, akainamisha kichwa.

Waliimba na ngoma. Mvua ilipiga mabati hivi kwamba kwaya iliimba mstari wa pili huku nusu ya watu ikiwa bado kwenye wa kwanza. Gordien alisimama kando ya meza yake ya vyombo, kiganja kimefunika kitufe kana kwamba mtu angekuja kukibonyeza kwa bahati mbaya.

Pasta Ntagwabira alisimama. Alivaa koti la kijivu, lile la kufungishia arusi za watu. Gordien aliweka simu yake juu ya mimbari, akaanza kurekodi, kisha akawasha mashine.

"Bwana asifiwe," alisema pasta.

Ilitoka. Juu ya mvua yote ile, ilitoka safi, na kanisa likaitikia kwa nguvu hata watoto wakashtuka. Mwanamke mmoja kati ya wale wa milimani alifunika uso kwa kitenge. Pasta alitabasamu, akasema, "Leo sitasema mambo mengi. Nataka niwaambie jambo moja ambalo nililibeba tangu," na hapo kile chombo cha kugeuza umeme wa betri kikalia mara tatu, kama kifaranga, kikazima.

Gordien alikuwa tayari chini ya meza. Alijua ni betri, lakini alikaza nyaya hata hivyo, akafuta vichwa vya betri kwa shati, akazima akawasha, na kila alipowasha kilimlilia mara tatu. Juu yake aliona viatu vya pasta vimesimama pale pale. Alijua mdomo unaendelea kusema. Hakusikia chochote ila mabati.

Raphaël, shemasi, alimkaribia pasta, akamwomba amnong'oneze sikioni, yeye ayarudie maneno kwa sauti. Pasta alitikisa kichwa. Baadaye Raphaël alieleza alivyojibiwa: "Leo niache niseme na kinywa changu." Basi watu wakasogea. Mabenchi yakavutwa, wazee wakaketi sakafuni kuzunguka mimbari, na waliokosa nafasi wakasimama wakiangalia midomo yake.

Fabien, dereva wa pikipiki, alikuwa na jenereta ndogo nyumbani kwake. Alitoka bila kutumwa. Alirudi baada ya robo saa, ameifunga nyuma ya pikipiki, ameifunika kwa turubai ambalo halikusaidia kitu. Waliiweka mlangoni. Fabien akavuta kamba. Ikakohoa. Akavuta tena na tena hadi ngozi ya kiganja ikachubuka, ndipo ikashika.

"Sasa!" aliita Fabien.

Gordien akachomeka. Bafle zikavuma, taa ya mashine ikawaka nyekundu kisha kijani, na neno moja la pasta likaangukia kanisa zima: "ng'ombe". Neno hilo tu. Jenereta ikaruka kwa nguvu, ikanguruma na kutoa umeme kupita kiasi, na Gordien akasikia harufu kabla hajaona moshi. Ni harufu anayoijua kuliko marashi ya mkewe. Mashine ilikuwa imeungua.

Angeweza kuacha hapo. Joselyne alimwambia hivyo usiku ule na siku nyingi baadaye. Lakini mikono yake haikujua kuacha. Aliifungua mashine magotini pake, sakafuni, mimbari ikiwa hatua mbili kutoka begani mwake. Alitafuta sehemu iliyoungua. Aliikuta, akajaribu kuiruka kwa kipande cha waya. Wakati mmoja alihisi mkono begani. Alikuwa ni pasta, ameinama kidogo, anamwambia kitu. Gordien hakumsikia. Akainua vidole viwili akamjibu, "Dakika mbili, Pasta. Dakika mbili tu." Mkono ukakaa begani kidogo, kisha ukaondoka.

Joselyne, aliyekuwa benchi la pili, aliona kilichosemwa kwa midomo. "Alikuambia utoke kule chini ukaketi," alimweleza mumewe baadaye. "Aliionyesha hata nafasi, Baba Irambona. Palikuwa na nafasi kando yangu."

Alipoinua kichwa, pasta alikuwa ameketi. Watu walikuwa wakilia, wengine wakipiga makofi taratibu, na mvua ilikuwa ile ile. Mahubiri yalichukua muda upatao dakika arobaini.

Aliichukua simu mimbarini. Ilikuwa imezima. Nyumbani hapakuwa na pa kuichaji, akangoja hadi Jumatatu mchana waya ulipotengenezwa. Aliketi sokoni mezani pake, akaweka simu sikioni. Rekodi ilikuwa ya dakika saba. Ilianza na "Bwana asifiwe" na ile sentensi isiyokwisha. Kisha ilikuwa mvua, na ndani ya mvua kitu kama mtu anayesema nyuma ya ukuta wa nyumba ya pili. Alisikiliza mara tisa. Alijaribu kwa bafle ndogo, akajaribu kwa visikizi vya mteja mmoja. Mnong'ono ule haukugeuka kuwa maneno. Na dakika ya saba ulikatika kwa sababu simu iliita. Aliyekuwa amepiga ni Igihozo. Bila shaka alitaka kujua kama wameanza.

Hilo hakumwambia kamwe. Igihozo alipopiga jioni, Gordien alisema betri ya simu iliisha, na akamtumia zile dakika saba.

Jibu lilichelewa. "Kaka, hii ni mvua," aliandika. Kisha akaandika tena: "Lakini wewe ulikuwa pale karibu. Alisema nini?"

Gordien alikaa na swali hilo hadi sokoni watu wakafunga. Ni yeye aliyekuwa karibu kuliko wote. Alikuwa karibu kuliko Raphaël na kuliko wale wamama waliokaa sakafuni. Na kati ya watu wote walioingia kanisani siku ile, ni yeye pekee ambaye hata midomo hakuiona.

Jumanne alfajiri walimsindikiza pasta hadi kwenye gari. Gordien alibeba mfuko wake. Alitaka kumwuliza, ila mzee alikuwa amechoka, watu walikuwa wengi, na dereva alipiga honi. Pasta alimshika mkono kupitia dirishani, midomo ikatembea, injini ikaguruma. Gordien akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia.

Wiki iliyofuata alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya: alitembea nyumba kwa nyumba akiuliza. Mama Akimana, aliyekaa miguuni pa pasta, alisema, "Alisema juu ya ng'ombe moja ya zamani, ile ilipotea wakati banakimbia. Ikarudi yenyewe. Ao haikurudi. Mi nilisikia 'kurudi' tu, mi sijue muzuri." Raphaël alikumbuka neno "samahani", lakini hakujua nani alimwomba nani. Mzee mmoja kutoka milimani alishikilia kwamba pasta aliwataja wote waliokufa njiani, jina kwa jina, maana alimwona akihesabu kwa vidole. Fabien alikuwa mlangoni na jenereta yake. Solange aliposikia swali, alijibu jambo lingine kabisa. "Ningejua, singeomba ule wimbo," alisema. Gordien akamwambia kosa lilikuwa lake, yeye ndiye mwenye betri. Wakasimama pale, kila mmoja akilishika kosa, na halikupungua.

Aliyakusanya yote kwenye daftari, akayaandika vizuri, akayasoma. Yalijaza ukurasa mmoja na nusu, na hayakuungana. Alimtumia Igihozo hivyo hivyo. Aliandikiwa asante.

Pasta Ntagwabira alirudi baada ya miezi miwili, amekonda, kitambaa cheupe shingoni, na chini yake tundu dogo la kupumulia. Uvimbe ulikuwa umetoka. Alitembea vizuri, alikula uji, alikuja kanisani akaketi benchi la mbele, na Raphaël ndiye aliyehubiri. Jioni moja akatokea sokoni, akaketi kwenye lile kopo la rangi. Alibeba daftari la shule na kalamu iliyofungwa kwa uzi.

Gordien aliendelea kuunga waya wa redio iliyokuwa mezani, ingawa ulikuwa umeshaungika. Hatimaye akaiweka chini.

"Pasta," alisema, "ile siku mi sikusikia mahubiri yako. Hata neno. Batu bananiuliza, na mi ndiye nilikuwa karibu."

Kifua cha mzee kikaanza kutikisika, na Gordien akaogopa, akidhani pumzi imekwama. Kisha akaona macho. Alikuwa anacheka. Kicheko hakikuwa na sauti, hewa tu ilifyonzwa na kutoka chini ya kitambaa. Akaandika, akamgeuzia daftari: "Na mimi sikujisikia. Ile mvua."

Gordien alicheka kidogo, kisha akashindwa kuendelea. Akasema, "Uandike, Pasta. Uandike hapa yote. Nitamtumia Igihozo, nitasoma kanisani."

Pasta akakubali kwa kichwa. Akageuza ukurasa mpya, akaunyoosha kwa kiganja, akaandika mstari mmoja. Akaufikiria. Akaandika wa pili, akaukata. Maisha yake yote alihubiri bila karatasi. Maneno yalikuwa yakimjia kwa kuangalia nyuso za watu, naye hakuwa ameyahifadhi mahali popote. Alishika kalamu juu ya karatasi, akaishusha, akaiinua tena. Watu walipita na mizigo yao wakimsalimia, naye akiwapungia. Waliokuwa wakiuza dagaa walianza kufunika makarai.

Baada ya muda akafunga daftari, akalaza kalamu juu yake. Alinyoosha mkono, akaichukua ile redio mezani, akaigeuza huku na huku kama anayetafuta ubovu wake. Gordien akaiwasha. Kituo hakikushika, zilivuma kelele tu, na hakuna kati yao aliyeizima.